Moto si ukuta: kufafanua maongozi ya Mungu kwa mtu wa Goma

Kuta nyingi za Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ni nyeusi kwa sababu zimejengwa kwa moto ulioganda. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji, ulipasuka, moto ukashuka mjini, ukapita katikati ya maduka, ukala kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukafunika upande wa kaskazini wa uwanja wa ndege, na haukusimama mpaka ulipoingia ziwani. Watu zaidi ya laki moja walibaki bila nyumba. Mwamba ulipopoa, walewale waliokimbia walirudi na nyundo. Walipasua, wakachonga, wakapanga. Ndiyo maana mhubiri wa Goma akitaka kufundisha kwamba Mungu hutoa mema katika mabaya, hahangaiki kutafuta mfano. Ananyoosha kidole dirishani tu.

Mfano huo ni mzuri, ila mara nyingi unasemwa nusu. Moto haukuinuka wenyewe ukawa ukuta. Ulimngoja mtu mwenye nyundo, na mtu huyo alitoka jasho na pengine kupoteza kucha. Tena ukuta ukishasimama, hauufanyi ule moto kuwa jambo jema. Mwenye ukuta anaweza kuwa amezika mtu siku ileile aliyopata mawe. Mafundisho ya Kikristo kuhusu maongozi ya Mungu yanashika yote mawili kwa pamoja, na karibu kila kosa linalofanyika vilioni, mimbarani na katika vyumba vya maombi hutokana na kuachia moja.

Neno lenyewe

Mjini Goma neno *Providence* limeandikwa juu ya milango ya maduka na famasi. Kifaransa kimelifanya jina la biashara. Kiswahili cha kanisa husema maongozi ya Mungu, na wengine husema utunzaji au uangalizi wake. Afadhali maongozi. Anayeangalia anaweza kuwa amekaa tu, lakini anayeongoza ana mahali anakokwenda.

Watu wetu wamelifikiria jambo hili kabla ya kusoma kitabu chochote. Angalia majina ya watoto: Bahati, Riziki, Mateso, Tumaini, Shukuru. Nyumba moja inaweza kuwa nayo yote matano, na ndani yake kuna mabishano ya theolojia yanayokula sahani moja. Bahati anasema mambo hutokea tu. Riziki anasema yuko Mgawaji. Mateso alizaliwa mwaka ambao hakuna aliyekuwa na la kusema.

Walimu wa kanisa waliligawa fundisho hili katika sehemu tatu, na inafaa kuzijua kwa sababu shida inapotokea ni kama mashine: kuna kipande kilichotolewa. Ya kwanza ni kuhifadhi: viumbe havijishiki vyenyewe, Mungu ndiye anayevidumisha kila saa. Ya tatu ni kuongoza: anavipeleka kwenye lengo lake. Ya pili, iliyo ngumu kidogo, ni kutenda pamoja: Mungu anafanya kazi ndani ya kazi ya viumbe vyake bila kuziondoa kazi zao. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alitofautisha sababu ya kwanza na sababu za pili. Maharagwe ya Rutshuru yanakua kwa sababu ya mvua, udongo, mbegu na mgongo wa mama aliyeinama. Na yanakua kwa sababu ya Mungu. Si kwamba Mungu amefanya asilimia 50 na mama akamalizia 50. Kila mmoja amefanya yote, kwa daraja lake.

Toa hicho kipande cha pili uone. Ukibakiza Mungu peke yake, unapata mtu anayekaa chini akisema kama ni kufa tutakufa tu. Ukibakiza sababu za pili peke yake, unapata mtu anayeenda kanisani Jumapili na siku sita nyingine anaishi kana kwamba mbingu imefungwa. Wote wawili wanaweza kuimba wimbo mmoja kwa sauti kubwa.

Katekisimu ya Heidelberg, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1563 na inayotumiwa hadi leo na makanisa mengi ya Kiprotestanti, inataja mvua na ukame, miaka ya mavuno na miaka ya njaa, afya na ugonjwa, utajiri na umaskini, na kusema vyote hutufikia kwa mkono wa Baba wala si kwa bahati nasibu. Swali linalofuata linauliza kujua hivyo kuna faida gani. Jibu lina mambo matatu: subira wakati wa taabu, shukrani wakati wa heri, na tumaini kwa yajayo. Hakuna ahadi kwamba mtu ataelezwa sababu ya kila jambo. Wengi huijia imani wakitafuta hasa hiyo ya nne.

Aya inayosemwa haraka mno

Warumi 8:28 katika Biblia ya Kiswahili inayotumika sana inasomeka hivi: "Nasi twajua ya kuwa katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema, yaani, wale walioitwa kwa kusudi lake." Isome polepole, kwa sababu wengi tunaiweka midomoni kama "mambo yote ni mema" au "kila kitu kitakuwa sawa", na aya haisemi hivyo.

Anza na mtendaji. Katika tafsiri yetu mtendaji ni Mungu. Tafsiri nyingine za lugha za Ulaya zimeandika kwamba mambo yote hufanya kazi pamoja, kana kwamba matukio yana akili. Tofauti hiyo ina mizizi katika nakala za kale za Kigiriki: baadhi zinamtaja Mungu waziwazi katika sentensi hii, nyingine hazimtaji. Watafsiri wetu walichagua njia inayomfaa zaidi mtu aliyeunguliwa nyumba. Moto haukufanyii kazi. Mungu ndiye anayefanya kazi, na moto uko miongoni mwa vitu alivyovikuta mkononi mwa dunia iliyoharibika.

Kisha angalia "katika mambo yote". *Katika*, maana yake ndani yake, katikati yake. Halafu "pamoja na wale wampendao": kitenzi cha Kigiriki kina maana ya kushirikiana kazi, na Kiswahili kimekibeba vizuri kiasi kwamba inashangaza tunavyokiruka. Hapo ndipo nyundo ilipo.

Na "mema" ni nini? Paulo hakuliacha neno hilo likining'inia. Aya ya 29 inasema wafananishwe na Mwana wa Mungu. Wema unaotajwa ni huo. Kiwanja kipya, viza na harusi vinaweza kuja, na vikija tushukuru, lakini si hivyo vilivyoahidiwa hapa. Ukitaka kuthibitisha, shuka mpaka aya ya 35 uhesabu: dhiki, shida, adha, njaa, uchi, hatari, upanga. Saba. Paulo anaorodhesha yale ambayo hayawezi kumtenga muumini na upendo wa Kristo, na hakuna mahali alipoandika kwamba hayatamfikia. Kwa hiyo anayekuambia utoe dola mia moja kama mbegu ili shida ikome kabla ya mwezi kuisha, anakuuzia kitu ambacho mwenye duka hakukiweka rafuni.

Methali yetu inasema baada ya dhiki faraja. Ni kweli, lakini methali haikutaja tarehe. Udongo mweusi wa Masisi na Rutshuru unaotulisha viazi na maharagwe umetokana na moto na majivu ya zamani sana. Mwamba mpya hauoti kitu mara moja: kwanza unakuja ule utando wa kijivu unaong'ang'ania jiwe, kisha vijani vya porini kwenye nyufa, kisha vichaka, mkulima anakuja nyuma kabisa, na mara nyingi ni mjukuu wa aliyekimbia.

"Ni mapenzi ya Mungu"

Hii ndiyo sentensi inayosemwa kuliko zote katika kilio cha Goma. Ndani yake kuna maneno mawili tofauti yaliyofungwa kamba moja: Mungu alitaka, na Mungu aliruhusu. Ukimwambia mama kwamba Mungu *alitaka* mwanawe apigwe risasi, umemfanya Mungu kuwa mwenzake yule aliyeshika bunduki. Kanisa halifundishi hivyo. Linafundisha kwamba Mungu ametaka dunia yenye milima inayowaka na wanadamu wenye uhuru. Uovu wa mwanadamu anauruhusu pasipo kuutaka. Na hauruhusu kitu asichoweza kukishinda.

Agostino, askofu wa Hippo, mji ulio katika Algeria ya leo, alisema Mungu aliona ni afadhali kutoa mema katika mabaya kuliko kutoruhusu baya lolote liwepo. Maneno hayo hayakutoka kwa mtu aliyekuwa mbali na shida: alikufa mwaka 430 wakati Wavandali wameuzingira mji wake.

Tofauti ya moto na risasi ni muhimu pia kwa ajili ya lawama. Kila Nyiragongo inapowaka, 1977, 2002, 2021, hutokea sauti inayosema mji huu umeadhibiwa kwa dhambi zake. Yesu aliulizwa swali hilo kwa pande zote mbili. Katika Luka 13 walimletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, yaani risasi. Naye mwenyewe akaongeza wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, yaani moto. Je, walikuwa wakosaji kuliko wengine? Akajibu sivyo, mara mbili. Kisha akawageuzia waulizaji: ninyi mtubu. Anayehubiri juu ya dhambi za wale walioungua katika mtaa wa Buhene na kuruka sehemu hiyo ya mwisho ameisoma sura kichwa chini.

Mfano wa kufikiria nao vizuri ni Yusufu, na wote tunaujua, lakini kwa haraka. Ile sentensi maarufu, "mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema", iko Mwanzo 50:20. Pigia hesabu. Yusufu ana miaka 17 hadithi yake inapoanza, na anauzwa kwa vipande 20 vya fedha. Anasimama mbele ya Farao akiwa na 30: hiyo ni miaka 13, na katika hiyo kuna miwili mizima ambayo mnyweshaji amemsahau gerezani. Inafuata miaka 7 ya shibe na 2 ya njaa mpaka anajitambulisha kwa ndugu zake. Baba yao anaishi Misri miaka 17. Sentensi inasemwa baada ya mazishi ya baba. Kutoka shimoni mpaka sentensi ni kama miaka 39.

Pale shimoni Yusufu hakusema hivyo. Ndugu zake wenyewe wanakumbuka, katika 42:21, kwamba aliwasihi kwa shida ya nafsi yake na hawakusikia. Gerezani hakusema hivyo pia; alimwomba mnyweshaji amtaje kwa Farao, akaeleza kwamba aliibwa kwao na kwamba hakutenda kosa. Alipigania haki yake kwa njia iliyokuwapo. Na sentensi ilipokuja, aliisema yeye aliyeumizwa, akiwaambia waliomuumiza. Ndugu zake hawakuwa na ruhusa ya kuitumia. Fikiria Yuda akimwambia Yusufu: "Si unaona, tulikusaidia kukuuza?" Maneno yaleyale yangekuwa uchafu.

Hapa ndipo fundisho hili linapotumiwa vibaya kwa namna ya hatari zaidi. Mke anayepigwa anaambiwa avumilie, ni msalaba wake, Mungu atautumia. Mfanyakazi asiyelipwa miezi minne anaambiwa asinung'unike. Mungu anaweza kutoa mema katika dhuluma. Hilo halimpi mdhalimu likizo, wala halimnyimi aliyedhulumiwa haki ya kuondoka, kushtaki na kusema. Paulo aliyeandika Warumi 8 alikata rufani kwa Kaisari.

Katika mji wa Bukavu kuna mfano unaojulikana dunia nzima. Hospitali ya Panzi ilianzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, ili kina mama wasife wakijifungua. Mgonjwa wa kwanza hakuja kujifungua. Alikuwa amebakwa na kujeruhiwa vitani. Kutoka hapo ukazaliwa ujuzi wa kuwatibu wanawake hao ambao madaktari wa nchi nyingine wanakuja kujifunza, na mwaka 2018 daktari huyo akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wema upo, unaonekana, una vitanda na nyuzi za kushonea. Je, kuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema basi ubakaji ulikuwa na faida? Mukwege mwenyewe hachoki kudai waliohusika wafikishwe mahakamani. Shukrani na kesi vinakaa katika kinywa kimoja, na havigombani.

Merikebu, bidoni na mazuku

Swali linalowasumbua wengi ni hili: kama Mungu anaongoza, juhudi yangu ni ya nini? Matendo 27 inajibu kuliko vitabu vingi. Merikebu ina watu 276, dhoruba imewapiga siku nyingi. Malaika amemwahidi Paulo kwamba hakuna atakayepoteza maisha. Ahadi imetolewa, imekwisha. Usiku wanatia nanga nne, kisha mabaharia wanataka kutoroka na mashua ndogo, na Paulo yuleyule anamwambia akida: hawa wasipokaa ndani ya merikebu, ninyi hamtaokoka. Askari wanakata kamba. Wanakula wapate nguvu, wanatupa ngano baharini kupunguza uzito. Mwishoni wanaojua kuogelea wanaogelea, wasiojua wanashika mbao. Wote wanafika pwani. Ahadi ilipitia kwenye nanga na mbao.

Kwa hiyo anayepanda boti kwenda Bukavu akasali akiwa hana jile ya kuokolea, na boti imejazwa kupita kiasi, hajaonyesha imani kubwa. Shetani alimwambia Yesu ajirushe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika watamdaka, na alinukuu Maandiko. Jibu lilikuwa usimjaribu Bwana Mungu wako. Jirani zetu Waislamu wana usemi wa Mtume wao: mfunge ngamia wako, kisha tawakali.

Chukua maji. Goma imekaa juu ya mwamba; mvua inapenya na kupotea, kisima hakichimbiki, na watu wengi wanachota ziwani. Pale ufukweni mara nyingi utamkuta kijana mwenye sindano ya klori, anaipima na kuitia katika bidoni ya lita 20. Ukisubiri nusu saa kabla ya kunywa, dawa imefanya kazi. Ukinywa njiani kwa sababu ya kiu, hukuipa nafasi. Wapo wanaokataa klori kwa sababu inaharibu ladha, na wapo wanaosema wanamtegemea Mungu peke yake. Wa kwanza ni mvivu kidogo. Wa pili anahitaji mafundisho, maana aliyeomba "utulinde na kolera" amejibiwa, na jibu limesimama ufukweni limeshika sindano.

Mazuku yanaonyesha upande mwingine. Magharibi ya mji, kuelekea Bulengo na Sake, kuna mashimo na mabonde madogo yanayotoa gesi ya kaboni dioksidi. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mbuzi huanguka kwanza kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi, na mtoto yuko karibu na mbuzi. Mtu mzima anaweza kusimama asihisi kitu mpaka ainame kumwinua aliyeanguka. Hapo naye anaanguka juu yake. Ukiamini kwamba ni pepo mchafu tu, utakemea na utashuka. Ukijua sababu ya pili ni gesi, utawazuia watu, hutateremka pale, utaita walio na vifaa, na utazungushia shimo miba na kibao. Kujua gesi hakukumwondoa Mungu mahali hapo. Kumemrudisha mtoto nyumbani.

Vivyo hivyo na rangi za tahadhari za volkano. Tumaini kwa Mungu katika mji huu lina begi dogo lenye vitambulisho vya familia, dawa za anayezitumia kila siku, tochi, na njia iliyokubaliwa na wote nyumbani kwamba tukitawanyika tunakutana wapi. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlipuko, sehemu kubwa ya mji ilipoamriwa kuondoka, watu walielekea Sake, Rutshuru na Gisenyi wakati mmoja, na watoto walipotezana na wazazi barabarani.

Kilioni

Marafiki wa Ayubu walianza vizuri: walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku, wasimwambie neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Wakaharibu walipofungua midomo. Mwisho wa kitabu, sura ya 42, Mungu anawakasirikia wao, waliomtetea Mungu kurasa nzima, na kusema Ayubu, aliyelalamika, ndiye aliyenena yaliyo sawa. Vilioni tunapenda Ayubu wa sura ya 1, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", halafu tunaruka Ayubu wa sura ya 3 anayelaani siku aliyozaliwa. Ni mtu yuleyule.

Yapo maneno yasiyofaa siku tatu za kwanza hata kama ni ya kweli: "Mungu hakosei", "amemwita kwa sababu alimpenda zaidi", "utazaa mwingine". Hili la mwisho lina kitu cha kuangalia katika Ayubu. Mifugo yake ilirudi maradufu, kondoo 7,000 wakawa 14,000. Lakini watoto aliopewa baadaye walikuwa 10, idadi ileile ya waliokufa, bila kuzidishwa. Wasomaji wa zamani waliona hapo kwamba mtoto hafidiwi kama kondoo.

Kinachofaa ni kidogo na kinachosha. Taja jina la marehemu. Njoo na makaa na unga, usimuulize mfiwa "unahitaji nini". Bidoni zijae asubuhi kabla wageni hawajafika. Shirika au kanisa lipange zamu, kwa sababu wiki ya kwanza nyumba inajaa na wiki ya sita hakuna anayebisha hodi. Andika majina ya wiki ya sita mapema. Mfiwa akisema "Mungu ameniacha", usimsahihishe. Yesu aliyasema hayo msalabani, na kwenye kaburi la Lazaro alilia, hali akijua dakika chache baadaye atamfufua.

Kuomba ukiwa ndani yake

Karibu theluthi ya Zaburi ni maombolezo. Watu wa kale hawakungoja waelewe ndipo waombe. Walikuwa na umbo la maombi linalobeba asiyeelewa. Zaburi ya 13 ina aya 6 tu na inafaa kujifunzia.

Aya mbili za kwanza ni malalamiko, na "hata lini" imo mara nne. Analalamika *kwa* Mungu, hamsemi Mungu pembeni. Hapo weka jambo lako kwa jina lake: si "shida zetu" bali nyumba ya Buhene, mshahara wa miezi minne, simu ambayo haijibiwi tangu Januari. Aya ya 3 na ya 4 ni ombi, na ni fupi: niangalie, unijibu, unitie nuru machoni. Aya ya 5 na ya 6 ni tumaini: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Hakuna kilichobadilika kati ya aya ya 4 na ya 5. Adui bado yuko.

Kosa la kawaida ni kukimbilia aya ya 5. Mwimbishaji anaona watu wanalia, anapandisha wimbo wa sifa, na yule aliyekuwa bado kwenye "hata lini" ya pili anajifunza kwamba hapa pana ruhusa ya furaha tu. Baadaye anaacha kuja. Kosa la pili ni kubaki aya ya 1 mwaka mzima bila kufika kwenye ombi, mpaka malalamiko yanakuwa makao. Ukisali na kundi, acha kimya kama dakika mbili kila sehemu. Kimya cha dakika mbili ni kirefu sana kwa Mkongo aliyezoea ngoma, lakini kinawezekana.

Na kwa asiyeweza kufika sehemu ya tatu ipo Zaburi ya 88. Hiyo inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu, kisha inashuka, inashuka, na neno lake la mwisho ni giza. Haigeuki mwishoni. Waliokusanya Zaburi hawakuiongezea mwisho mzuri. Katika Liturujia ya Vipindi, yaani sala za kila siku za Kanisa Katoliki, mapadri na watawa huisali kila Ijumaa usiku, sala ya mwisho ya siku. Halafu wanazima taa na kwenda kulala.